Majivu kwenye Kioo cha Darubini

Nianze na upumbavu wenyewe, usije ukanipenda kwanza halafu ukajuta: nilikisugua kioo cha darubini ya shule kwa majivu.

Wala hayakumwagika kwa bahati mbaya. Niliyachota mwenyewe jikoni kwa mama, majivu laini ya makumbi ya nazi, nikayachekecha kwenye mtandio wake wa zamani yasibaki na chenga, nikatia maji kidogo, nikasugua kwa mviringo, taratibu, huku nikipiga mluzi. Kungekuwa na mtihani wa taifa wa kuharibu vitu kwa bidii, ningepata daraja la kwanza, na walimu wangu wangeshangaa kuliko mimi.

Ngoja nijitetee kidogo, maana simwoni mwingine atakayenitetea. Kwetu Utende umeme ukikatika, na hukatika, mama huwasha kandili. Chemni yake, kile kioo kinachozunguka utambi, ikishika masizi huoshwa kwa majivu. Hiyo ni kazi yangu tangu nina miaka sita, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mdogo, unaingia ndani ya chemni bila kuivunja. Mkono ukakua, kazi ikabaki. Unachovya kitambaa kwenye majivu, unazungusha, unasuuza, na kioo kinatoka kinang'aa mpaka unadhani hakipo. Kwa hiyo mimi na vioo na majivu tunafahamiana siku nyingi. Hakuna aliyeniambia kwamba duniani kuna vioo vya namna mbili.

Darubini ilikuwa nyumbani kwa sababu ya baba, na baba alikuwa nyumbani kwa sababu alikuwa anakufa.

Baba alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, mzaliwa wa Jibondo, kisiwa ambacho mtoto hujua kushika tezo na kuchonga mbao kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kazi huko. Alimwoa mama akahamia Utende, lakini kazi yake ilibaki kulekule, anavuka kwenda, anarudi. Kisha ini likamgeuka. Tumbo likajaa maji mpaka kanzu ikawa inamkaa kama ya mama mjamzito. Mtu aliyeishi kwa kuziba nyufa maji yasiingie kwenye vyombo vya wenzake, maji yakamwingia yeye. Na usidhani hayo maneno ni yangu. Ni yake. "Kalafati yangu imelegea," alikuwa akisema, akijipigapiga tumbo, na sauti ilikuwa ile ya dafu. Mimi nilicheka kila mara. Mama hakucheka hata mara moja.

Dar es Salaam tulimpeleka. Tukaambiwa kwa upole tumrudishe nyumbani akapumzike. Daktari akikwambia upumzike na asikwambie mpaka lini, umeelewa.

Kule Jibondo aliacha chombo. Jahazi kubwa alilolianza na kaka yake, baba mkubwa wangu. Mkuku, ule mti wa chini kabisa ambao chombo chote kinausimamia, aliulaza baba. Mataruma ya upande wa kulia, zile mbao zilizopinda kama mbavu za ng'ombe, aliyamaliza yote. Ya kushoto alifika katikati, akaanguka palepale na tezo mkononi. Baba mkubwa akamalizia yeye, kwa mti mwingine, mzito zaidi, kwa kuwa ule wa mwanzo haukupatikana tena. Baba alipopata habari hizo aliinuka kitandani kama hana ugonjwa.

"Kitalala kushoto," akasema.

Baba mkubwa akajibu kwenye simu kwamba hakitalala, na kwamba yeye alishika tezo baba akiwa bado ananyonya. Baba naye akajibu kwamba kushika tezo ni jambo moja na kuwa na macho ni jambo jingine. Wakakata simu, sijui nani alianza. Tangu hapo hawakusema tena. Salamu zilipita kwa mama, kama mzigo wa kupokezana.

Basi baba alibakiwa na jambo moja tu hapa duniani. Siku chombo kitakaposhushwa majini, ajue kimekaa sawa au kimelala. Dawa zilimchosha, wageni walimchosha, mimi nilimchosha. Hilo halikumchosha. Alikuwa akiamka usingizini analisema.

Nilimwambia, "Baba, tutapiga simu ya video. Utaona kila kitu hapohapo kitandani."

"Simu itashikwa na nani?"

"Na baba mkubwa."

"Ehe. Akiiinamisha kidogo tu, chombo kilicholala kinasimama wima kama imamu." Akafumba macho. "Na akishika mwingine ataambiwa jinsi ya kuishika. Mgonjwa huonyeshwa anachotakiwa kuona. Mimi nataka jicho langu."

Kumvusha hadi Jibondo kulishindikana. Tulijaribu mara moja, tukampakia kwenye boti kwa godoro na mito, na kabla hatujatoka kwenye maji ya kifundo wimbi dogo likaipiga boti, dogo kabisa, la kumfurahisha mtoto. Baba alitoa sauti ambayo sitaiandika. Mama akashika ukingo wa boti, akasema, "Basi. Mteremsheni."

Hapo ndipo nikakumbuka darubini.

Shuleni mimi ni kidato cha tatu, na ni mtangazaji. Hakuna aliyeniajiri. Natangaza mpira, natangaza mwalimu wa zamu anavyotembea, natangaza jogoo wa mpishi akifukuzwa. Siku moja nilitangaza mstarini kwamba papa potwe amemeza mitihani ya muhula ikiwa njiani kutoka Kilindoni, na wanafunzi wakashangilia mpaka mkuu wa shule akatoka nje kuuliza nani kashinda. Nilifagia uwanja wiki mbili. Kwa hiyo nilipomwendea mwalimu wa fizikia kumwomba darubini, alinitazama kwanza kuona nimeficha nini nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unataka nini? Na sema kweli."

Nikasema kweli. Nadhani ndiyo maana alinyamaza muda mrefu, hakuwa amezoea. Darubini ile iliachwa shuleni na mgeni mmoja. Bomba jeupe, nene kama ndoo ya kuchotea maji, ndani yake chini kuna kioo cha mviringo kilichobonyea kidogo, na pembeni juu kuna pa kutia jicho. Klabu ya sayansi tuliitumia kutazama mwezi, na mimi niliwahi kutangaza mechi ya mwezini.

"Ichukue," mwalimu akasema. "Baba yako aone. Lakini ndani usiguse. Hata ukimkuta mjusi anazaa humo, mtakie heri umwache."

Nikaipakia kwenye pikipiki, nimeikumbatia kama bibi harusi.

Tuliiweka barazani, nyumba yetu inatazama bahari, na Jibondo ikatoka ilipo ikaja karibu. Ila juu chini. Darubini za namna ile hupindua kila kitu. Baba alitia jicho, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia.

"Watu wa kwetu," akasema, "wananing'inia kama popo."

Alicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Dar. Kisha akatafuta, nikisogeza bomba kidogo kidogo kama anavyoniambia, kulia, kulia, rudi, na akasema, "Kile. Kile pale." Chombo kilikuwa ufukweni juu ya magogo, kimekwisha kupakwa mafuta. Alikitazama mpaka jicho likatoa machozi, akabadilisha jicho. "Kuna ukungu kidogo," akasema. "Lakini kinaonekana. Nawaona hata mbuzi."

Kuna ukungu kidogo. Maneno hayo matatu ndiyo yaliyonipoteza.

Habari ikaja kwamba chombo kitashushwa siku ya bamvua kubwa, wakati maji yanajaa kuliko siku zote. Chombo kama kile hakishuki hivihivi. Hungojwa bahari ije yenyewe mpaka chini ya magogo, wakati imejaa kabisa, ndipo watu wavute. Zilibaki siku mbili. Nami nikawaza: mchana ule baba atatazama mara moja tu, haitarudiwa, na huo ukungu mimi nauondoa kwa dakika kumi. Atasema, wallahi, mwanangu ana akili.

Nilimulika ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kioo kilikuwa na vumbi kama meza ya duka lililofungwa, na buibui alikuwa amejenga pembeni. Nikachukua bisibisi. Skrubu sita, kitako kikatoka, na kioo kikawa mikononi mwangu, kizito, kizuri, uso wangu ndani yake mkubwa kama sinia, pua kama embe. Nikajitangaza kidogo. Nikaenda kuchukua majivu.

Nilisugua. Kitambaa kikaanza kutoka na weusi, na mimi nikafurahi. Nikasema, kumbe kilikuwa kichafu kiasi hiki! Nikaongeza majivu. Weusi ukazidi, nami nikazidi kusugua. Nilisuuza kwa maji safi, nikakiinua kwenye mwanga nione kazi yangu.

Niliona vidole vyangu. Sikuviona kama unavyoviona kwenye kioo cha kujitazamia. Niliviona upande wa pili, vinne, vimeshika kioo kwa nyuma, kama unavyoona vidole kwenye glasi ya maji.

Kioo cha ukutani, fedha yake iko nyuma ya kioo, unaweza kukisugua hata kwa mchanga. Cha darubini, ile fedha iko mbele, juu, nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Weusi niliokuwa nikiufurahia haukuwa uchafu. Kilikuwa ndicho kioo chenyewe, kinatoka na kitambaa. Kilibaki kipande upande mmoja, chenye umbo la ukucha, na kwingine kote palikuwa peupe kama chemni.

Nilikirudisha. Skrubu sita. Nikatia jicho kuelekea Jibondo, nikaona uji. Hakuna kisiwa, hakuna mbuzi, uji mweupe wenye kivuli katikati.

Jioni ile mama aliniita.

"We mtoto. Nani kachezea majivu yangu?"

"Paka, mama."

"Paka kachukua na mtandio wangu?"

"Paka wa siku hizi, mama."

Alinitazama kama anavyotazama samaki kabla hajaamua kama kalala.

Nilikuwa na siku nzima ya kusema. Ningeweza kwenda kwa mwalimu. Ningeweza kumwambia baba, na baba angekasirika, halafu tungetafuta njia nyingine, labda angekubali hata ile simu, labda angekubali kumsikiliza kaka yake. Kila nilipokaribia kitanda yeye alikuwa anaanza. "Ikiisha adhuhuri tu unitoe nje, mapema. Mto wa mgongoni uwe ule mgumu." Au, "Kikigusa maji usiniguse, usiniambie kitu, niache nitazame." Nikasema haya, baba. Nikasema haya mara nyingi sana siku ile.

Siku yenyewe ikafika. Mama alikwenda kwenye mwani asubuhi. Bamvua ndiyo siku yake: maji yakijaa sana ndipo pia yanapokupwa sana, bahari inaondoka mbali mpaka wanawake wanafika kwa miguu kwenye kamba zao, wanafunga mwani mpya na kuvuna uliokomaa, kisha wanarudi wakisukumwa na maji yanayoingia. Alikuwa hataki kwenda. Baba akamwambia nenda, nina mtangazaji hapa.

Alipomaliza kuswali adhuhuri kitandani, kwa ishara, nilimtoa barazani. Alikuwa mwepesi mikono na miguu na mzito tumbo, nilikuwa sijui nimshike wapi. Mto mgumu mgongoni. Darubini mbele yake. Akatia jicho.

Alikaa. Akabadilisha jicho. Akapangusa macho kwa pembe ya shuka, akatia tena.

"Sioni kitu."

"Jua, baba. Linaipiga kwa mbele."

"Juzi halikuwepo jua?"

"La leo kali."

Akajaribu tena, akisogeza bomba kulia, kisha kushoto. Nilimwona anatafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Maumivu yalimrudi, nikajua kwa jinsi alivyouma mdomo. Nikafikiri: ataendelea hivi mpaka alasiri, anatazama uji. Nikafikiri pia, nisiseme uongo hapa, kwamba akiendelea atajua ni mimi.

"Basi tazama wewe," akasema, akajiegemeza. "Uniambie."

Nikatia jicho. Uji. Nikafungua mdomo.

"Naam, wasikilizaji, tuko Jibondo, uwanja umefurika! Watu wamejaa ufukweni, baba, kamba mbili, na baba mkubwa yuko mbele kwenye omo, amevaa kanzu nyeupe, anapunga mkono kama mwamuzi. Wanavuta! Upande wa kulia wanavuta zaidi, anawafokea. Mzee mmoja kateleza, kaanguka, kaamka, kanzu imechanika nyuma, wasikilizaji wenye watoto wafumbe macho! Wanavuta tena. Gogo la kwanza limepita. La pili. Kinakwenda, baba, kinakwenda, kinapiga mbio kama kimeitwa chakula, kinagusa maji, kimeingia... kinaelea! Kinaelea!"

Nilikuwa nimeshika bomba kwa mikono miwili, natoka jasho. Nilisikia kwa masikio yangu watu wakishangilia, wallahi nilisikia. Baba hakushangilia.

"Kimekaaje?"

"Sawa, baba."

"Kushoto?"

"Hakuna kushoto wala kulia. Ukiweka kikombe cha chai juu yake hakimwagiki."

Nikasikia kiti chake kikilia, anajiinua kidogo.

"Maji yamefika wapi?"

"Yamejaa tele, baba. Mpaka juu."

Mimi bado jicho liko kwenye darubini, nalitumbulia uji, naogopa kulitoa.

"Mama yako yuko wapi?"

"Bado yuko kwenye mwani."

"Haya," akasema. Mkono wake ukaja kichwani kwangu, ukakaa hapo. Ulikuwa wa moto na hauna uzito. "Ahsante, mtangazaji. Nirudishe ndani."

Nilimrudisha. Nilijiona bingwa. Nilikaa barazani nikila muhogo wa jana, nikajipongeza kwamba uongo nao una siku yake ya kufaa. Baadaye mama akaja, gunia la mwani kichwani, ameloa mpaka kiunoni. Baba akamwita ndani, mlango ukasukumwa, wakazungumza kidogo. Sikusikia. Sikujaribu hata kusikiliza, na mimi ni mtu wa kusikiliza milangoni.

Jua lilipokaribia kuzama simu ya mama ikalia. Baba mkubwa.

"Kaka yako," mama akasema, akimpelekea baba simu. "Anataka wewe. Anasema leo akupe habari mwenyewe."

Baba alitazama ukuta.

"Mwambie nimeshaelezwa."

"Mume wangu, ongea naye."

"Mwambie nimeshaelezwa vizuri. Kijana wangu ameona yote."

Mama alibaki na simu mkononi, sauti ya baba mkubwa ndogo ndani yake, haloo, haloo, haloo. Kesho yake akapiga tena, mara mbili. Jibu lilikuwa lilelile. Mimi nilikuwa mlangoni, nikadhani baba bado ana kinyongo na kaka yake. Nikaona hata vizuri, maana baba mkubwa angetaja jambo ambalo halikuwa kwenye matangazo yangu.

Siku ya tatu, baada ya adhana ya alfajiri, mama alinigusa mguu. "Amka. Baba yako," akasema.

Baba mkubwa alivuka asubuhi hiyohiyo. Aliingia kumwosha ndugu yake, akatoka na mikono imelowa, na hakuwa na mahali pa kuipangusia. Tulimzika baada ya adhuhuri. Kisha wanaume wakakaa kwenye majamvi mbele ya nyumba, mimi nikiwa na birika la kahawa nikipitisha vikombe, na nilipofika kwake akanishika mkono asiuachie.

"Alisema kitalala kushoto," akasema. "Kimelala kushoto. Kisiwa kizima wameona. Nimetia mawe ya farumi upande wa pili ndipo kikasimama." Machozi yalikuwa yanaingia kwenye ndevu, hakuyagusa. "Nilipiga simu nimwambie, ndugu yangu, ulisema kweli. Sijapata kumwambia hivyo tangu tuzaliwe. Nilitaka ayasikie kwa mdomo wangu. Mara tatu nimepiga. Mara tatu kanikataa. Hivi, mwanangu, alinichukia kiasi hicho?"

Birika lilikuwa linanichoma paja. Nikauliza jambo ambalo sijui kwa nini nililiuliza.

"Kilishuka saa ngapi, baba mkubwa?"

"Saa kumi na nusu. Maji yalipojaa. Ulitaka kishuke mchangani?"

Mimi nilitangaza saa nane haijafika. Mtoto wa Utende, niliyezaliwa hatua thelathini kutoka baharini, nilitangaza maji yamejaa tele wakati mbele ya baraza yetu, mbele ya macho ya baba, bahari ilikuwa bado iko mbali na mchanga umelala mtupu. Jicho langu moja lilikuwa kwenye uji na jingine nimelifumba.

Nilimmiminia baba mkubwa kahawa juu ya kahawa mpaka ikamwagika.

Siku mbili baadaye mwalimu wa fizikia alikuja kutoa pole. Mama yuko eda, hatoki, kwa hiyo alimpa pole kutoka barazani, na mama akapokea akiwa ndani, nyuma ya pazia. Kisha mwalimu akatazama darubini. Nilimwona anainama kwenye mdomo wa bomba, anachungulia, anakaa hivyo. Alipoinuka sikungoja aulize. Nilimwambia majivu, nilimwambia mtandio, nilimwambia hata buibui.

Ningependa anichape. Alikaa kwenye kiti cha baba, akavua miwani.

"Ulitaka kutoa vumbi," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Vumbi lile halikuwa linazuia kitu. Kioo kikiwa na vumbi hivyo bado kinaonyesha, wewe mwenyewe uliona. Ule ukungu aliouona baba yako ni joto tu, hewa ya mchana juu ya bahari. Ungekuwepo hata kama kioo kimetoka kiwandani leo." Akarudisha miwani. "Ungeliacha, angeona vizuri tu."

Alilifunga bomba kwa kanga aliyokuja nayo, akaliweka kwenye pikipiki, akaenda zake. Hakuniambia nirudi lini shule. Hakuniambia nisirudi.

Niliingia ndani. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, nguo nyeupe mpaka kwenye vidole. Alikuwa amesikia yote, pazia ni nguo tu. Nilifungua mdomo, na kwa mazoea likanijia neno la kuchekesha, nikalimeza. Mama ndiye aliyesema, polepole, bila kunitazama, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Baba yako alijua. Uliposema kinaelea, mimi nilikuwa natembea kwa miguu huko nje, maji yananifika magotini, na yeye ananiona. Simu ya kaka yake aliikataa ili wewe usiumbuke, na mimi akanikataza nisikwambie. Nakwambia, kwa sababu yeye kenda zake, na wa kuishi na wewe nimebaki mimi."